Sikio la Fundi Mhina

Katekista Lukindo alileta pikipiki yake ikazwe mnyororo tu, lakini injini ilivyonguruma kwa utulivu, Fundi Mhina alishindwa kujizuia, akafungua kifuniko. Platini, kile chuma cha kukatia umeme wa cheche, aliyoirekebisha kwa miaka kumi na minane kwa karatasi ya sigara na sikio lake haikuwepo. Mahali pake palikaa kidude cha umeme.

“Kanifungia Zaina, yule uliyemfundisha wewe,” alisema katekista. “Siku hizi haizimiki hata mvuani.”

Mhina aliguna. Katekista alipokwenda kunywa chai, fundi alilegeza skrubu mbili za kidude kile, akasogeza taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kiasi cha unene wa ukucha.

Pikipiki ilipowashwa ikaanza kukohoa.

“Ndiyo vidude vyenyewe hivyo,” alisema Mhina.

Katekista aliikokota hadi ng'ambo ya barabara, kwa Zaina. Mhina alingoja amwone akihangaika na vipimo vyake vya kisasa. Zaina hakushika kipimo. Alifumba macho, akainamisha kichwa upande wa kulia kama alivyofundishwa, akasogeza taimingi kidogo, akasikiliza, akasogeza tena, mpaka mlio ukatulia.

Mhina alipofumbua macho aligundua kwamba naye alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kulia, na Zaina alikuwa akimtazama, bisibisi mkononi.