Amplifaya Isiyopamba

"Hii inamsingizia," alisema Mzee Tsurumaki, akavua miwani kana kwamba ndiyo iliyokosea. "Mke wangu, mpole hivi? Tangu lini?"

Isogai, binti aliyekuwa muuzaji katika duka lile la vifaa vya sauti mtaani Akihabara, alizima amplifaya nyingine. Tangu asubuhi kaseti ya mzee ilikuwa ikirudia maneno yaleyale, kwa sauti ya mwanamke: "Njoo ule, mwanangu." Muziki haukuwemo.

"Wateja wanaisifu hii, mzee wangu. Wanasema besi yake ni asali."

"Asali wakapake mkate! Mimi sitafuti sauti tamu, binti, natafuta ileile. Ana mkwaruzo kooni, kama mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Hii imeupiga randa wote."

Isogai alikuwa na imani ambayo bosi wake aliiita homa ya ujana: kwamba amplifaya njema haipambi wala haipunguzi, bali hurudisha kilichoingia kama kilivyoingia. Hakuwa amekutana na mteja mwenye imani hiyo. Aliuliza kwa sauti ya chini:

"Samahani. Mama aliondoka lini?"

"Wiki iliyopita. Ghafla mno, hata kumpungia mkono sikuwahi. Na tangu hapo mtoto wetu hataki kula. Ana miaka kumi na sita, anashinda kabatini. Daktari anasema leo ikipita hivi hivi, kesho ni dripu."

"Ukizungumza naye?"

"Mimi? Ananitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilimwekea sauti hii kwenye simu, akanipa mgongo. Yule hadanganyiki, ana sikio kutushinda sote."

Isogai aligeukia rafu ili machozi yake yasionekane. Kisha akaingia stoo, akarudi amekumbatia amplifaya kuukuu, ya zile zenye vitaa vya kioo ndani, ambayo duka liliitumia kuzipimia nyingine.

"Hii haiuzwi. Nakuazima."

Kaseti ilipozunguka, Tsurumaki alisimama wima.

"Huyo! Huyo ndiye! Nusura niombe radhi, hata kosa silijui."

Alasiri hiyohiyo Isogai alimsindikiza mzee nyumbani kwake ili akaifunge mwenyewe. Karibu na stesheni alinunua maua meupe, kama impasavyo mtu aingiaye katika nyumba yenye msiba. Tsurumaki, kidevu kikiwa juu ya amplifaya, aliyatupia jicho.

"Mazuri, binti. Yaweke hapo penye viatu, tuwahi."

Kabati la magodoro lilikuwa limefungwa, limebaki na upenyo mdogo tu. Mbele yake palikuwa na bakuli la samaki lisiloguswa. Isogai alipiga magoti nyuma ya spika na kuanza kuunganisha nyaya. Darasani alikosomea ufundi wa sauti, kosa dogo la rangi ya sauti lilimpunguzia mtu alama. Hapa lingemwacha mtoto gizani na njaa yake.

"Njoo ule, mwanangu."

Sauti ilijaa chumba, mkwaruzo wake mzima, haukukosa hata uzi. Isogai alifumba macho. Katika masomo yake yote hakuwahi kusikia usahihi wa namna ile. Mtu angeapa kwamba mama mwenyewe anavuta pumzi.

"Umesikia, mzee wangu?" alinong'ona. "Hakuna kilichopambwa!"

Mlango wa kabati ulisogea taratibu, na kutoka humo akachomoza paka wa kijivu aliyekonda. Alizipita spika bila hata kuzinusa, akaelekea mlango wa mbele, mkia juu.

Isogai aliutazama mkono wake. Plagi ilikuwa bado kiganjani, haijachomekwa ukutani.

"Jamani," sauti ileile ilisema kutoka mlangoni, "mtu naenda kumwona mjukuu, narudi nakuta maua ya msiba juu ya viatu. Nani amekufa?"