Sahihi ya Kumi na Tatu

Barua ilikuwa chini ya chapati.

Radhia aliikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa nailoni, akailaza chini kabisa ya hotpoti, kisha akapanga chapati sita juu yake. Akafunika. Akafunua tena kuhakikisha haionekani, na hapo kicheko kikamshika, ikabidi aume ncha ya kanga asisikike ukumbini.

Ukumbini alikuwako Thani, anakunywa kahawa. Na katika watu wote wa Maskati, Thani ndiye hasa asiyetakiwa kuiona barua ile.

Mwaka ule wa 2002 sheria ya kazi ilikuwa inaandikwa upya, na Thani alikuwa karani wa kamati iliyopokea maoni ya watu. Alikwisha sema, tena si mara moja, kwamba hataki barua yoyote ya sheria itoke katika nyumba anayolala yeye, ofisini wasije wakasema maoni yanapikwa kwao. Akiiona ataitia mfukoni, na mambo yatakuwa yamekwisha.

Barua yenyewe ilitoka kwa akina mama Walutheri wa Kitanzania, ambao husali Ijumaa asubuhi katika kanisa la mtaa wa Ghala kwa sababu Jumapili wako kazini. Waliomba jambo moja tu: sheria impe kila mfanyakazi wa ndani siku moja ya kupumzika katika wiki. Sahihi kumi na mbili zilikwisha patikana. Ya kumi na tatu waliitafuta wiki tatu nzima, na kila waliyemwendea aliogopa maswali ya nyumbani kwake. Mzee Japhet, mzee wa kanisa, aliwaambia wazi kwamba bila sahihi hiyo barua itaishia kwenye droo. Na kesho ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maoni.

Dativa, katibu wao, alimwachia Radhia karatasi hiyo jana. Alimwambia aisome kwa utulivu, asitie sahihi kwa kumwonea huruma, na akikataa hakuna atakayemnunia. Radhia aliipenda sana adabu hiyo. Aliisoma mara tatu, akachukua kalamu, kisha akalala usingizi wa pono.

Tangu alfajiri hakukaa chini. Aliosha vyombo vya jana, akafagia baraza, akakanda unga, akapiga pasi kanzu ya Thani. Hapo kwenye pasi mawazo yalikuwa yameshafika Ghala, akaunguza ncha ya mkono wa kanzu, alama ya kahawia kubwa kama tende. Thani aliiona alipokuwa anavaa. Mwingine angegomba mpaka majirani wa Bawshar wakachungulia. Yeye aliutazama tu ule mkono, akaukunja kidogo, akaendelea na kahawa yake.

Saa tatu Radhia alivaa buibui, akakumbatia hotpoti, akanyata. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango Thani alipomuuliza anakwenda wapi. Akajibu kweli tupu, kwamba anampelekea Dativa chapati kule Ghala. Basi Thani akachukua funguo. Jua kali, akasema, na teksi za Ijumaa anazijua, atampeleka mwenyewe.

Radhia hakujua ashukuru au akimbie.

Kiti cha mbele kilijaa mafaili ya kamati, kwa hiyo alikaa nyuma, hotpoti mapajani. Hawajatoka mtaani, mkono wa kulia wa Thani ukaja nyuma, kiganja wazi. Harufu ilikuwa imemfikia. Radhia akamtilia chapati moja. Kwenye mzunguko wa kwanza mkono ukarudi, akatia ya pili. Karibu na kituo cha mafuta, ya tatu. Walipofika kwenye taa nyekundu alimpa ya nne, na mkono haukuridhika. Ukaingia wenyewe ndani ya hotpoti, ukapapasa, ukagusa nailoni.

“Mna nini humu?”

“Karatasi.”

“Ya kuzuia mafuta?”

“Ya kuzuia walafi. Nna chapati mbili tu zilizobaki, toa mkono.” Akaupiga kibao, palepale kwenye alama ya pasi.

Thani akacheka, taa ikawaka kijani. Nyuma kule Radhia alikuwa amejaza kanga mdomoni, machozi yanamtoka kwa kicheko.

Walipofika Ghala, Dativa alitoka mbio na joho lake la kwaya. Radhia alishuka kwa haraka hata kifuniko cha hotpoti akakisahau kitini. Akina mama wakamzunguka. Chapati mbili zikatolewa, nailoni ikafunguliwa, barua ikatoka salama, ina doa moja tu la samli.

Mzee Japhet alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani Rusayl, hajalala, lakini kalamu na miwani alikuwa navyo tayari. Akaisoma mpaka chini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Dativa alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

“Sahihi ya kumi na tatu, ya mwajiri,” Mzee Japhet akasoma kwa sauti, ili hata waliokuwa nyuma wasikie. “Radhia binti Marhoon, wa Bawshar. Dativa anafanya kazi kwangu, na Ijumaa ni yake tangu mwezi uliopita. Nyumba haijaanguka.”

Hakuna aliyepiga kigelegele, kwa sababu nyuma yao alikuwa amesimama Thani, kifuniko mkononi. Aliichukua barua, akaisoma mwenyewe, akamrudishia Mzee Japhet, akamwambia kesho dirisha linafunguliwa saa moja na nusu na atakuwapo yeye mwenyewe kuipokea. Kisha akautazama mkono wa kanzu yake.

“Mama,” akasema, “kumbe pasi ulipiga wewe?”