Alasiri za Rania

Rania alipomwona mama mkwe wake anaingia uani, alikata simu katikati ya maneno.

"Nani huyo?" Mwanamkuu aliuliza.

"Mtu wa dukani tu, mama."

Mwongo. Mwanamkuu alishasikia ya kutosha: "Mtu asijue kwanza. Hata Seifu sijamwambia."

Seifu, mwanawe wa pekee, alishinda bandarini akihangaikia makontena ya watu. Hakuona lolote. Mwanamkuu ndiye aliyebaki nyumbani, hapo Kariakoo, udi ukifuka kutwa chumbani mwake, akimtazama mke wa mwanawe anavyojitanda mtandio kila alasiri na kutoka. Ukimuuliza, anaenda Mchikichini kuangalia mitumba. Anarudi mikono mitupu.

Tena alikuwa na upekuzi. Juzi Mwanamkuu alimkuta anamfulia kanga zake bila kutumwa, akamnyang'anya beseni. Jana kauliza, macho chini: "Mama, eti Seifu ulimzaa kwa kupasuliwa?"

"Yakuhusu nini?"

Rania akajitanda mtandio, akatoka.

Leo Rania alipotoka, Mwanamkuu alijifunga kanga juu ya kanga, akavaa baibui, akamfuata. Hakuwa mtu wa kutoka. Hata harusi za ndugu alishaacha kwenda, wakasema ana maringo. Lakini heshima ya mwanawe ilimtoa ndani. Akapenya katikati ya wasukuma mikokoteni, akakwepa wauza vitenge, jicho kwenye ule mtandio wa zambarau.

Mtandio haukuelekea Mchikichini. Ulikata Mtaa wa Msimbazi, ukaingia kwenye ghorofa moja yenye hospitali ndogo chini, ukapotelea nyuma ya mlango wa mwisho. Mwanamkuu akatega sikio.

"Hivi tutajificha mpaka lini?" Rania alikuwa analia.

Sauti ya mwanamume ikamjibu, taratibu, kama ya mtu aliyemzoea: "Nyamaza basi. Kitanda kipo tayari."

Mwanamkuu hakungoja asikie zaidi. Akausukuma mlango kwa bega.

"Kitanda! Huna haya wewe! Mwenzio anaungua jua bandarini, wewe huku umetandikiwa kitanda?"

Rania aliziba uso kwa mikono, akapiga magoti. Mwanamume aliyevaa koti jeupe akainuka nyuma ya meza, akaenda kufunga mlango ili wa nje wasisikie.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Kitanda ni chako. Kibofu chako kilikatwa siku walipokupasua umzae Seifu, na hakuna aliyekwambia kwamba kinashoneka. Wapo waliovuja mkojo miaka mingi kama wewe, tukawashona, wakakauka."