Gitaa Jembamba

Bega lilipozidi kumuuma, Athumani Kijoli, mpiga gitaa wa bendi, alilipeleka dukani gitaa lake nene la umeme akalibadilisha na jembamba. Lilikuwa jepesi, halikumchoma ubavuni, na mkewe alifurahi.

Jumamosi, jukwaani, alipiga noti ya kwanza akashtuka. Hakuna aliyejua kwamba masikio yake yalikuwa yanakufa, na kwamba siku hizi aliufuata wimbo kwa mtetemo uliopita kwenye ule ubao mnene wa gitaa la zamani hadi kifuani. Hili jipya halikumwambia kitu. Alikosea, wenzake wakageuka kumtazama.

Kesho yake alirudi dukani. Binti mmoja alikuwa amelipakata lile gitaa nene la Athumani, ameshalinunua.

"Mwanangu, nirudishie. Nilifanya haraka kuliachia."

"Nisamehe, baba. Haya membamba yananiponyoka mikononi. Nimelitafuta la namna hii mpaka nikachoka."

Athumani hakuyasikia maneno, ila aliona kichwa kikitikiswa. Akaomba aliguse tu. Binti akaanza kupiga, naye akaweka kiganja kwenye ubao, akafumba macho. Wateja wengine walifika, wakasimama mlangoni bila kuingia.