Mate ya Ukoo Mmoja

Daktari alifika mjini kukusanya mate ya watu, ili vipimo vya DNA vya kutambua maiti wasiojulikana visikosee. Alitaka mtu mmoja tu kwa kila ukoo.

Mwatumu, kajipamba vyema, akajikuta foleni moja na Riziki, mdogo wake. Walikuwa wamenuniana tangu arusi moja ya mwaka jana, kila mmoja akingoja mwenziwe aanze kusema.

“Nyinyi ni ndugu?” daktari akauliza.

“Simjui huyu!” wakajibu pamoja, wote wakishika kiuno. Foleni nzima ikaangua kicheko.

Mwatumu akamtazama Riziki. Lo, kakonda!

“Mpime mdogo wangu,” akasema.

“Aka! Dada kwanza.”

Daktari akabaki kakishika kijiti cha pamba, katikati ya vinywa viwili vilivyofunguka kwa kicheko.