Tuta Langoni kwa Torgeir

Itangazwe kwa mataifa yote ya kaskazini kwamba Jemadari Torgeir Haugland, akiwa juu ya trekta lake dogo la rangi ya chungwa, aliingia vitani Jumapili asubuhi dhidi ya theluji yote ya uani kwake. Vita vilikwisha kabla kahawa yake haijapoa. Theluji yenyewe ilikuwa ya kufunika kiatu, tena cha mtoto.

Torgeir hakuteremka. Alizunguka ua mara kadhaa, akiinua hiki na kushusha kile, kama mtu anayemtafuta adui aliyekimbia. Trekta lilikuwa na beleshi kubwa la chuma mbele na bamba la kukwangulia nyuma. Bandani ilimngoja mashine ya kurusha theluji ambayo, kwa maelezo ya muuzaji, ingeweza kufungua barabara ya milimani. Njia ya Torgeir, kutoka ngazini hadi langoni, ilikuwa na urefu wa basi moja.

Trekta alilinunua mwishoni mwa vuli. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimefungwa, na yeye, aliyeingia humo akiwa kijana, alirudishwa nyumbani. Kabla ya trekta alishinda kochini na soksi zake, akiutazama ukuta. Baada ya trekta alianza tena kunyoa ndevu.

Mkewe Ragnhild hakuona maajabu yoyote.

"Mpaka Jumapili ijayo," alisema mezani. "Lisipopata kazi ya maana, linauzwa. Binamu yangu analitaka."

"Theluji itakuja."

"Na mimi nitakuwa malkia wa Norwei."

Mtoto wao, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni, aliendelea na kitabu chake. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, mpenda vitabu, asiyejihusisha na upuuzi wa aina yoyote.

Theluji haikuja. Jumatatu mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Torgeir alipaka grisi kila kilichopakika. Jumanne alipaka grisi juu ya grisi. Jioni akavua buti, akaketi kochini na soksi zake, akaurudia ukuta wake. Ragnhild alimtazama kutoka jikoni huku akifuta sahani moja kwa muda mrefu kuliko sahani inavyohitaji.

Jumatano, baada ya viazi na samaki, Torgeir alijinyoosha apate usingizi wake wa baada ya chakula, ambao huku bondeni mwanamume hanyimwi hata nyumba ikiungua. Alipoamka, langoni palikuwa na tuta la theluji: gumu, chafu, la kufika magotini, kutoka nguzo hadi nguzo.

Kila mtu huku anajua tuta la namna hiyo huletwa na nani. Lori la halmashauri hupita likikwangua barabara, na kila linachokwangua hukimwaga langoni kwa mtu aliyekwisha kusafisha.

"Ni Oddvar na lori lake," alisema Torgeir, uso umemng'aa kama aliyeletewa maua. "Mshenzi yule amenifungia geti."

"Maskini mimi," alisema Ragnhild. "Na gari nitalitoaje?"

"Wewe kaa ndani." Buti moja ilikuwa tayari mguuni. "Hii si kazi ya beleshi la mkono."

Beleshi la mkono lingeimaliza mara moja. Torgeir aliimaliza jioni, akiimba. Theluji yote aliibeba mpaka kwenye lundo la kando ya banda, lundo la tangu Krismasi, ambalo kwa sababu zisizojulikana na sayansi halikuwa likiongezeka. Alhamisi tuta likarudi. Torgeir akamtukana Oddvar, lori la Oddvar na halmashauri iliyomwajiri Oddvar, halafu akala maandazi bapa na jibini la kahawia kama mtu wa miaka ishirini.

Ijumaa alikataa kulala.

"Leo namvizia dirishani."

"Mvizie kesho," alisema Ragnhild, akimfunika blanketi. "Macho yamekuwa mekundu kama ya sungura. Dereva asiyelala ni hatari kwa umma."

Hoja hiyo ya umma ilimgusa. Akalala.

Aliamshwa na mtu aliyegonga mlango. Alipofungua alimkuta Oddvar mwenyewe, juu ya magongo mawili, mguu mmoja ndani ya plasta.

"Nasikia unanitukana mpaka dukani," alisema Oddvar. "Nikaona nije unitukanie karibu, nisikie vizuri."

"Unanifungia geti kila siku, bwana. Kila siku."

"Kwa mguu upi? Nilianguka Jumapili nikiteleza thelujini kwa ski. Lori liko gereji, na hakuna aliyeligusa. Halafu hebu tazama juu, Torgeir. Ningekwangua nini, jua?"

Torgeir alitazama juu. Hapakuwa na kitu.

"Tena nimepita langoni pako kwa taabu," aliendelea Oddvar. "Nimeombwa nisikuamshe."

Ndipo Torgeir alipotazama langoni. Tuta lilikuwa limefika nusu. Ragnhild, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, alikuwa ameinama akilipigapiga kwa mgongo wa beleshi ili lishikamane. Na yule kijana mpole, mwenye adabu, aliyekuwa akija mbio kutoka kando ya banda na toroli lililojaa theluji, kisha akasimama ghafla na kujifanya anachunguza ndege, nakiri mbele ya wote kwamba alikuwa mimi.

Baba alitutazama, kisha akalitazama tuta kutoka nguzo hadi nguzo.

"Upande wa kushoto bado mdogo," alisema, akarudi kulala.