Ramani ya Mteremko

"Amri haijulikani." Kwa mara ya tisa kompyuta ilimjibu fundi vilevile, kavukavu, kwenye kidirisha cheusi cha kuandikia amri.

"Nimeiweka upya programu mara mbili," alisema mchoraji ramani, dada aliyekuwa na macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Imegoma."

Ilikuwa siku ya nne tangu mlima uporomoke. Ofisi nzima ilinuka matope. Mlangoni alisimama mkuu wa uokoaji, redio begani, hana hata subira ya kuketi.

"Fundi, bila ramani hiyo mikono yangu imefungwa. Mashine zipo, madereva wapo. Nipe mipaka ya maporomoko."

Fundi akakunja mikono ya shati. Aliona kila dakika inayopita ikimkaba mtu roho. Akapekua folda moja baada ya nyingine mpaka akaikuta programu ya ramani imetulia mahali pake, nzima kabisa.

"Hii hapa! Kompyuta ndiyo haijui pa kuitafuta. Njia yake haimo kwenye mipangilio."

"Labda tatizo ni jingine," dada alidakia. "Tuifute, tuanze upya. Ni saa mbili tu."

"Saa mbili? Dada yangu, kuna watu chini ya udongo!"

Dada alisogea kwenye dirisha la ofisi. Kule mteremkoni watu walikuwa wakichimba kwa majembe, wengine kwa mikono mitupu.

Fundi akaiandika njia ya folda, akaihakiki herufi kwa herufi, akafunga kidirisha cheusi na kukifungua tena. Akaandika amri. Safari hii kompyuta haikubisha. Picha ya zamani ya mlima ikalala juu ya picha mpya, na mstari mwekundu ukajichora ukauzunguka mtaa mzima. Printa ikakohoa, ikatema karatasi.

"Umetuokoa, fundi!" Mkuu aliinyakua ikiwa bado na joto, akatoka mbio.

Fundi akashusha pumzi, moyo wake mweupe. Kilichobaki ni kuandika ripoti ya hitilafu tu. Akabonyeza kitufe cha mshale wa juu, amri za nyuma zikaanza kurudi mojamoja: zake mwenyewe kwanza, kisha za asubuhi, kabla hajaitwa.

Akasita. Akasoma tena.

Amri ya kufuta njia. Ilikuwa imeandikwa mara mbili.

"Dada," alisema taratibu, "hii uliiandika wewe?"

Nje, kipaza sauti cha mkuu kilinguruma: "Wachimbaji wote tokeni! Msako umekwisha. Kila kilicho ndani ya mstari kinafukiwa. Mashine, anzeni!"

Mchoraji ramani hakubandua macho dirishani.

"Walikuwa wamebakiza nyumba moja tu," alisema, "wafike kwa mwanangu."